Dakika ya Wahitaji

Umma unatangaziwa, kwa furaha isiyo kifani, kwamba Jumuiya ya Kuazimisha Viti vya Magurudumu imepata tatizo. Si tatizo la hivi hivi. Ni tatizo la kiusimamizi, lenye hadhi ya kuletewa timu ya wanafunzi wa chuo walitatue kama mradi wao wa muhula.

Tangazo hilo alilibandika mlangoni Mkurugenzi mwenyewe, akarudi nyuma, akalisoma kwa sauti. Lilimkuna. Alikuwa mtu wa kupenda maneno yake. Siku hizi kastaafu, na kisa hiki tumekipata kinywani mwake. Kila akikisimulia hujiongezea ujinga kidogo, kama mpishi anayeonja mchuzi na kuona chumvi bado.

Tatizo lenyewe lilikuwa hili: wafadhili walileta viti, viti vilipokelewa kwa hotuba, lakini wahitaji hawakuviona.

"Vinapotelea kwenye mnyororo wa ugavi," aliwaeleza wanafunzi siku ya kwanza, huku akikizungusha kiti chake cha magurudumu ili atazame dirishani, kama wafanyavyo watu wenye maono.

Katibu naye alikuwa kwenye kiti cha magurudumu. Mhasibu pia. Hakuna aliyekuwa mgonjwa. Viti vya ofisi vilivunjika miguu, na kamati ya kununua vingine ilishindwa kukutana kwa sababu haikuwa na pa kukaa. Basi menejimenti ikajiazima, kwa muda tu. Muda huo sasa ulikuwa umeota mvi.

Kiongozi wa timu, msichana ambaye wenzake walimwita Miwani, alikohoa.

"Samahani, mzee. Hicho ulichokalia..."

"Cha muda."

"Na cha Katibu?"

"Cha muda hicho nacho."

"Aa," alisema Miwani, akawatazama wenzake. Mkurugenzi alifurahi. Vijana wanaotazamana hivyo, aliwaza, ni vijana wanaojifunza.

Hapo mlango ukasukumwa kwa goti. Fundi viatu wa mtaa wa nyuma aliingia anahema, kambeba mama yake mgongoni. Ofisi ilikuwa ghorofa ya juu, na ngazi zake zilikuwa za kumkomoa mtu.

"Shikamoo, mama," alisema Mkurugenzi, maana adabu hakukosa.

"Marahaba, mwanangu. Umenenepa. Nimefuata kiti."

"Mama, umefikaje huku juu?"

"Kwa mgongo wa huyu."

"Basi, mama yangu, usafiri unao."

Wanafunzi waliduwaa, ikabidi wafafanuliwe utaratibu. Mwombaji sharti apande mwenyewe, aonekane kwa macho. Akifika, ni dhahiri ana njia ya kufika. Asipofika, hajaomba. Utaratibu huo aliubuni Mkurugenzi kikaoni, akapigiwa makofi mpaka akaona haya, kidogo.

"Huu mgongo ndio unaotulisha," alisema yule mama. "Akinibeba hashoni, akishona sitoki. Mimi sitaki makuu. Nataka nijisukume mwenyewe hadi barabarani, nione nani kapita na nani, nikasengenye kama wenzangu."

"Hoja yako imepokelewa," alisema Mkurugenzi. Wakashuka kama walivyopanda. Timu nzima iliwasindikiza, na ilikawia kurudi.

Siku ya uwasilishaji alikuja mgeni rasmi kutoka kwa wafadhili, akakalishwa kwenye kiti cha magurudumu kilicho bora, ambacho bado hakijavuliwa nailoni ya dukani. Miwani akasimama mbele.

"Kabla hatujaanza, tunaomba ile Dakika."

Mkurugenzi aliguswa. Jumuiya ilikuwa na desturi: kila kikao hufunguliwa kwa Dakika ya Wahitaji. Wote husimama, hufumba macho, naye Mkurugenzi huwanenea wahitaji maneno ya faraja. Iliitwa dakika kwa heshima tu. Haikuwahi kuwa fupi hivyo.

Siku hiyo alijipita. Alinena juu ya mguu usiotembea na moyo unaokimbia. Katikati ya maneno akasikia vilio vyembamba, kwii, kwii, vikielekea mlangoni. Vijana wanalia, aliwaza, na sauti yake ikapanda.

"Tuketi," alisema hatimaye.

Kwa itifaki, haketi mtu kabla ya Mkurugenzi. Itifaki hiyo iliwaokoa wengine wote. Yeye alishuka na cheo chake chote mpaka sakafuni, pu!

"Mheshimiwa mgeni rasmi," alisema Miwani, "uwasilishaji wetu umekwisha. Viti vimepatikana."

Ngazini walikuwa wamejipanga watoto na ndugu wa wahitaji, toka juu hadi chini, wakipokezana viti kama ndoo za kuzimia moto. Mgeni rasmi alisogea dirishani. Uani, yule mama alikuwa anajisukuma, anamfokea mwanawe: "Niachie! Nimesema niachie!"

Mgeni rasmi akageuka, akamtazama Mkurugenzi pale chini, muda mrefu kuliko Dakika.

Kiuno kiligoma kuinuka. "Nileteeni kiti," alinong'ona.

"Kipi, bosi?" aliuliza Katibu.

Fundi viatu alipanda kuja kushukuru, akamkuta pale. Akachuchumaa. "Panda, mzee. Mgongo wangu leo hauna abiria."

Hivyo ndivyo Mkurugenzi alivyoshuka ngazi zake, mbele ya mgeni rasmi, mikono shingoni mwa mshona viatu. Chini, njia ilikuwa imezibwa na kiti, na mwenye kiti hakuonyesha haraka.

"Shikamoo, mama. Niazime kidogo hicho, nifike hospitali."

"Marahaba. Umefikaje huku chini?"

"Kwa... kwa mgongo wa huyu."

Yule mama akajisogeza pembeni, taratibu, kwa mikono yake mwenyewe.

"Basi, mwanangu, usafiri unao."