Mzigo wa Majani Ishirini na Saba

Jumatatu, 1 Oktoba 1956

Mwaka mmoja, miezi minane na siku kumi tangu nipande lori pale Njombe. Mgongo unauma. Vidole vimejaa miiba ya mkonge. Lakini leo nina furaha mpaka ugali umenishinda kumaliza.

Hesabu yangu ni hii. Mkataba umebakiza vipande viwili, kadi za siku thelathini kila moja, yaani siku sitini za kazi. Nisipokosa hata siku moja, Jumapili zikiachwa, namaliza Desemba 8. Lori la kuturudisha kwetu linaondoka Desemba 12. Katikati, Jumapili ikiachwa, nina siku mbili tu za akiba. Krismasi nitakuwa kanisani kwetu, mwanangu atabatizwa, na jina nitampa mimi baba yake: Danieli. Alizaliwa nikiwa huku. Mpaka leo anaitwa Mtoto. Mke wangu Lea ameandika kwamba mchungaji hatangoja zaidi ya Krismasi hii, na nisipofika, baba yake Lea atamwita Nebukadreza. Mkwe wangu analipenda jina hilo kwa mlio wake tu.

Sasa habari yenyewe. Idarusi, karani wetu, kijana wa Chumbageni, ametusomea tangazo mbele ya ofisi. Wataalamu wa mkonge watakutana Tanga mjini Novemba 8. Mtu yeyote mwenye uchunguzi wake juu ya zao hili, hata mkataji, alete muhtasari usiozidi maneno mia mbili. Atakayekubaliwa atausoma mbele ya mabwana, na siku hiyo itaandikwa kwenye kipande chake kama siku ya kazi.

Siku ya kazi bila kushika kisu. Watu walicheka wakaenda zao. Mimi sikucheka. Ninao uchunguzi.

Jumatano, 3 Oktoba

Nauandika hapa kwanza usije ukanipotea.

Kazi ya siku ni mizigo sabini ya mkonge, kila mzigo majani thelathini. Tunaipanga kando ya reli ndogo. Mnyapara Miraji anapita na fimbo yake, anahesabu mizigo, anafungua mmoja wa juu, anahesabu majani, anatia alama kwenye kipande, basi. Siku zote wa juu. Kuinama hataki, ana kiuno.

Tangu Agosti nimefanya hivi. Mzigo wa juu: majani thelathini, yamenyooka, unapendeza kama wa kupelekwa harusini. Ile sitini na tisa ya chini: ishirini na saba, ishirini na saba. Siri ni kufunga mara mbili badala ya mara moja, na kugeuza majani manne vitako vyake vinene vitazame nje. Mzigo unavimba wenyewe. Siku arobaini na sita nimefunga hivyo. Miraji hajatambua hata mmoja. Saa sita nimemaliza, nimelala.

Idarusi alisema uchunguzi bila namba ni porojo. Wangu una namba tupu.

Nilimdokeza Methusela, wa kijijini kwetu, tunayelala chumba kimoja. Kosa langu. Yeye alifika darasa la nne na hakuna anayeruhusiwa kusahau. Mimi niliishia katikati ya la tatu, paa la shule lilipoanguka. Akaniuliza nitawaambia nini Wazungu, kwamba mkonge unachoma? Kisha akasema na yeye anao uchunguzi. Tangu Pasaka anauimbia mstari wa kumi na mbili wa mkonge nyimbo za kanisani, na anadai umeupita mstari wa kumi na tatu kwa vidole viwili. Nikamwambia ule wa kumi na tatu umedumaa kwa kumsikiliza toka mbali. Hatukuagana usingizi mwema.

Jumapili, 7 Oktoba

Nimeandika tangu kutoka ibadani. Maneno mia mbili ni mangapi? Nimeyahesabu kama majani: kila thelathini nimezungushia mstari kama kamba. Mia mbili ni mizigo sita na maneno ishirini yaliyolala chini. Yangu yalifika mizigo tisa. Nikajaribu kuyabana. Niliunganisha maneno mawili mawili, matatu matatu, nikapata mizigo sita safi. Nikampelekea Idarusi apige kwa mashine.

Idarusi alisema huu si muhtasari, huu ni msafara wa siafu. Akayatenganisha yote, akaanza kuyapunguza mwenyewe, kwa masharti kwamba jina lake litangulie langu, maana mashine ni yake. Nikakubali kwa uchungu. Akapiga mistari mitano. Akasimama. Akaisoma tena. Akaniangalia sana, akaniuliza kama nimelala vizuri. Nikamwambia vizuri. Akasema jina lake aliondoe kabisa.

Nimeshinda, na sikubishana hata kidogo.

Tahadhari nimechukua, mimi si mjinga. Sikuandika "mimi" popote. Nimeandika "mkataji mmoja wa shamba letu". Chini, kwa kuwa ndiyo sheria ya mkutano, nimetia jina langu, Manase, na namba yangu ya kambi, 4117.

Barua iliingia kwenye rundo la ofisi. Bwana Meneja alizitia sahihi zote huku anakunywa chai.

Jumamosi, 20 Oktoba

Umekubaliwa.

Naandika tena niuone: umekubaliwa. Bwana mmoja wa utafiti ameandika kwamba katika mihtasari yote iliyofika hakuna uliompendeza kama huu, na kwamba vipimo vyangu ni vya uaminifu mkubwa. Uaminifu mkubwa. Idarusi aliisoma barua kwa sauti ndogo. Nikamwomba aisome kwa kubwa.

Wa Methusela umekataliwa. Wamemwandikia aendelee kuimba. Hajanisalimu tangu mchana.

Bwana Meneja alikuja mpaka kambini kunishika mkono. Anasema mashamba mengine yamepeleka wataalamu waliosoma, na yeye ameingiza mkataji. Yeye pia atakuwepo, mstari wa pili. Miraji naye akauliza uchunguzi unahusu nini. Nikasema, kufunga mizigo. Akavimba, akawaambia wenzake kwamba kufunga nilijifunza kwake. Kwa namna fulani ni kweli.

Jumatano, 7 Novemba

Leo nalala kwao Idarusi, Chumbageni. Nilimwamkia mama yake, Bi Asmahani, shikamoo, akaitikia marahaba, akanipakulia wali wa nazi na samaki mpaka nikafungua kifungo cha kaptura. Idarusi kaniazima koti. Mikono inaishia karibu na viwiko, lakini mgongoni limekaa.

Bi Asmahani akauliza nimekuja mjini kwa shughuli gani. Nikamweleza yote, na vile vitako vinne. Alikuwa anachambua mchele wa kesho. Akaacha.

"Ngoja nikuelewe, mwanangu," akasema. "Weye kesho wenda kuwasomea wenye mkonge namna unavyowapunja mkonge wao?"

Nikamwambia kwa adabu kwamba hii ni sayansi, Bi mkubwa, na katika sayansi mtu hafichi kitu.

"Haya," akasema. "Na huyo bwana wako atakuwepo?"

Nikasema, mstari wa pili.

Akamwita Idarusi uani. Nilimsikia anamuuliza kama huko kambini tunapewa chakula cha kutosha. Mama mwema sana. Sayansi tu ndiyo haijamfikia.

Alhamisi, 8 Novemba

Siku kubwa kuliko zote za maisha yangu, na ya harusi naiweka humo.

Ukumbi uko Usagara. Mabwana kama sitini. Wa kwanza alisema juu ya fukusi wa mkonge, watu wakasinzia. Wa pili alisema juu ya mbolea, wakasinzia kabisa. Kisha mimi. Nilisoma kwa Kiswahili, yule bwana wa utafiti aliyeniandikia, mrefu, mwenye miwani, akatafsiri. Nilipofika kwenye vitako vinne, mtu wa mbele akaanza kucheka. Nilipofika kwa Miraji na kiuno chake, ukumbi wote ulicheka, mzee mmoja akafuta machozi. Nikaomba majani, nikafunga mizigo miwili mbele yao, wa thelathini na wa ishirini na saba. Wakaambiwa wachague ulio kamili. Wataalamu hamsini na zaidi wakachagua wa ishirini na saba.

Makofi. Sijapata kupigiwa makofi tangu kuzaliwa.

Bwana wa miwani akachukua chaki. Akasema tupime ukubwa wa jambo lenyewe. Majani matatu kila mzigo, mizigo sabini, siku arobaini na sita. Hapo nikanyoosha mkono. Nikamsahihisha. Nikasema si sabini, ni sitini na tisa, kwa kuwa wa juu siku zote ulikuwa kamili. Akaniinamia kichwa kwa heshima, akafuta, akaanza upya. Ikatoka majani elfu tisa mia tano ishirini na mawili. Akagawanya. Kazi ya siku nne na nusu na zaidi kidogo, akasema, ambayo haikufanyika.

Makofi tena.

Bwana Meneja akasimama mstari wa pili. Uso umemwiva. Nilidhani na yeye ameguswa. Akaomba kuuliza swali moja: namba ya huyo mkataji mmoja. Nikasema 4117. Nikairudia kwa sauti, wa nyuma wasikose.

Ijumaa, 9 Novemba

Siku tano zimefutwa kwenye kipande changu. Ilikuwa nne na nusu, lakini ofisi haina alama ya nusu. Ningeacha sabini ya bwana wa miwani ingekuwa vilevile tano. Kwa hiyo usahihishaji wangu haukunidhuru. Nalitazama jambo hili mara kwa mara kwa faraja.

Siku tano. Akiba yangu mbili. Nimehesabu kwa vidole, nimehesabu kwa kokoto, nimemwomba Idarusi ahesabu kwa mashine. Namaliza Desemba 14. Lori linaondoka Desemba 12. La kufuata ni Januari 30.

Nilikwenda kwa Bwana Meneja kumweleza habari ya mwanangu na Nebukadreza. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema ni jina zuri.

Miraji haongei na mimi. Sasa anafungua mizigo mitano kwa kila mtu, popote anapotaka, na kila akiinama anaguna na kutaja jina langu. Wakataji wenzangu nao wanalitaja.

Jumatano, 12 Desemba

Lori limeondoka saa moja asubuhi. Methusela alipanda juu kabisa, akakaa kwenye sanduku lake kama jumbe. Nimempa shati dogo la Mtoto na barua ya kumpa Lea. Nimemwandikia amwombe mchungaji angoje mpaka Februari, na kama hatangoja, mtoto aitwe Danieli, na mkwe wangu azuiwe kwa kila njia. Methusela ameapa atasimamia jambo hilo kama lake. Akapunga mkono mpaka vumbi likamficha. Aliimba pia.

Nilirudi shambani. Mstari wa kumi na mbili nimeutazama vizuri. Kweli ni mrefu kidogo. Sitamwambia mtu.

Jumapili, 13 Januari 1957

Mkataba nilimaliza Desemba 14, lakini asiyefanya kazi hapewi posho, basi nimechukua kipande kimoja cha ziada nikingoja lori.

Barua ya Lea imefika. Mchungaji hakungoja. Nebukadreza alilikataa palepale, akasema habatizi mtu kwa jina la mfalme aliyekula majani. Mkwe akanuna. Jina langu la Danieli likasomwa, mkwe akalikataa naye, kwa kulipiza. Ibada ikasimama. Ikaonekana basi mtoto achukue jina la msimamizi aliyembeba, mambo yaishe. Msimamizi alikuwa amevaa viatu vipya na alikuwa ameimba vizuri sana.

Mwanangu anaitwa Methusela.

Lea anasema analiitika. Anasema pia kwamba habari ya mizigo hakuielewa, ila tarehe ameielewa, na nirudi.

Nimekaa na barua hii tangu asubuhi. Nimejifunza. Nimejirekebisha kabisa, sasa nafunga ishirini na nane. Na kuna jambo nimeliona. Miraji anasema anafungua mizigo mitano popote, lakini fimbo anaishika kwa mkono wa kulia, kwa hiyo hufungua ya kulia. Siku kumi na tisa nimeandika. Ya kushoto hajagusa hata mmoja. Idarusi amesikia kuna mkutano mwingine Machi, mkubwa kuliko ule. Nimeshaanza, nina mizigo minne ya maneno, mizuri. Safari hii namba yangu siweki. Nitaweka jina peke yake.

Mpenzi Lea nimemjibu kwamba nitapanda lori Januari 30, bila wasiwasi. Kisha nimeikata tarehe hiyo kwa mstari mmoja mwembamba. Nimeandika Aprili.