Nilivyougombea Ukufunzi wa Moyo

Jumatatu, 9 Juni 2025

Leo ndiyo leo. Mafunzo ya dharura za moyo yameanza, Mbinga mjini, siku tano. Tuko kumi na wanne, matabibu na wauguzi. Mmoja wetu atateuliwa mkufunzi, apelekwe ziwani kufundisha wenzetu wa mwambao. Mmoja! Ni mimi. Lazima niwe mimi, maana jana, Pentekoste, nilimwomba katekista atangaze kanisani kwamba nimeshateuliwa. Nilipigiwa makofi mazito. Mke wangu Serafina akaniuliza nimeteuliwa lini wakati mafunzo hayajaanza. Nikamwambia ni suala la muda tu.

Hajui ninavyoumia. Miaka sita nimeoa kwao, na baba mkwe, Mzee Xaveri, bado ananiita yule wa sindano. Mimi, Mansuetus, afisa tabibu mwenye cheti! Siku akisikia watu wazima wakiniita Mkufunzi, atakoma.

Mwalimu wetu ni Dokta Hildegardi kutoka Songea. Kaja na sanamu ya mtu mzima, mikono, miguu, shati, kila kitu. Tumempa jina Othmar. Ukimkandamiza kifua sawasawa, taa inawaka kijani kifuani. Ukikosea, nyekundu. Mimi: nyekundu. Nyekundu. Nyekundu. Scholastica, muuguzi kutoka Namswea: kijani tangu mkono wa kwanza. Simpendi.

Jumanne, 10 Juni

Dokta anasema kifua kikandamizwe mara mia moja hadi mia na ishirini kwa dakika. Nani anaweza kuhesabu hivyo? Nikabuni mbinu: nifuate wimbo. Nikachagua ule wa matoleo tunaouimba kanisani kijijini kwetu, Kitura. Wimbo mtamu, ila wa taratibu, ili hata bibi wa benchi la nyuma afike mbele. Dokta akasema Othmar amekufa ubeti wa kwanza.

Scholastica na mwenzake wakapokezana kama wanatwanga mahindi kwenye kinu kimoja: huyu akiinuka, yule anashuka, hakuna pengo. Kijani mwanzo mwisho. Dokta akashangilia. Kumbe siri ni kinu! Mimi utotoni nilifukuzwa kwenye kinu, eti kazi ya wasichana. Nimeonewa toka zamani.

Dawa ni mazoezi. Kesho nitajitolea kufunga ukumbi. Othmar atalala kwangu.

Jumatano, 11 Juni

Siku gani hii, jamani!

Saa tisa wenzangu wakaondoka. Nikamzungushia Othmar blanketi, kichwa mpaka miguu, asichafuke, nikampakia kwenye bodaboda katikati yangu na dereva, Vitalis. Nikamwonya Vitalis: mtu yeyote akiuliza tumembeba nani, asijibu neno. Mbinu safi kabisa.

Lakini huku kwetu, ukibeba mtu aliyefunikwa gubigubi, ukaulizwa, ukanyamaza, umeshajibu. Na ni msimu wa kahawa, mashamba ya njiani yamejaa wachumaji. Wakauliza. Vitalis kimya, uso ameukunja kwa baridi. Wanaume wakavua kofia. Kina mama wakaacha vikapu, wakajifunga khanga viunoni. Tunafika nyumbani Kitura, nyuma yetu msafara.

Serafina alikuwa anaanza kulia, hajui anamlilia nani. Nikawatuliza kwamba huyu ni mgeni tu, wala hana ndugu hapa. Kosa! Maskini, amefia ugenini! Kilio kikawa maradufu. Unga ukaja, maharage yakaja, kuni zikaja. Kina mama wa WAWATA, chama cha wanawake Wakatoliki, wakaanza rozari. Vijana wakabeba majembe kwenda kuchimba kaburi, na vijana wetu kwa jembe hawachezi, wamekua wakichimba ngoro, mashimo yetu ya kulimia mlimani.

Nikisema ukweli, Dokta atajua nimemchukua Othmar bila ruhusa. Kwaheri ukufunzi! Nikaona heri niugeuze msiba kuwa darasa. Nikapiga magoti, nikafungua blanketi na shati, nikakandamiza kwa hasira zangu zote. Kijani! Kwa mara ya kwanza, kijani! Nikapiga vigelegele.

Mzee Xaveri, aliyekuja na waombolezaji, akaona marehemu anawaka taa kifuani. Akaanguka chali, pu!

Moyo umesimama! Na mimi nipo! Nikamrukia, nikaanza. Mkono wa kumi akafumbua macho, akanizaba kofi ambalo bado linavuma sikioni. Kumbe alizimia kwa mshtuko tu. Akauliza tangu lini mkwe anampanda baba mkwe kifuani mbele za watu. Mimi ambaye hata nikipita mbele yake huwa nainama! Nimetozwa mbuzi wa kuomba radhi.

Ikabidi nieleze kila kitu. Ila kaburi lilikuwa tayari, na wazee wakasema kaburi halifukiwi tupu. Baadhi yao wakamtazama Othmar. Nikamkalia. Mwishowe, kabla jua halijazama, tumezika mgomba. Wakanilazimisha nisome wasifu wake.

Alhamisi, 12 Juni

Nimemrudisha Othmar alfajiri, shati limefungwa hadi kifungo cha juu. Tatizo, taa imeganda. Ukimgusa, kijani. Ukimkoholea, kijani. Ukumbi mzima tukawa mabingwa, hata mimi. Nikaanza kutabasamu.

Dokta akakunja uso, akamfungua kola. Shingoni, rozari ya WAWATA! Akauliza kwa upole Othmar amebatizwa lini. Scholastica alicheka mpaka akakaa sakafuni. Nimekiri nusu. Habari ya mgomba sikuigusa.

Ijumaa, 13 Juni

Mtihani, bila taa. Dokta akaniuliza: umemkuta mtu amelala chini sokoni, utafanya nini? Nikapanda kifuani hapohapo, ta! ta! ta! mwendo wa kinu, jasho linanitoka. Dokta akasema kasi nzuri, kina kizuri, ila yule mtu alikuwa amelala usingizi wake tu, na sasa amevunjika mbavu mbili. Hatua ya kwanza ni kumtikisa bega, kumwita, kuangalia kama anapumua. Eti imeandikwa ukurasa wa kwanza wa kitabu cha mafunzo. Mimi nilianzia wa pili, ndio wenye picha.

Ameteuliwa Scholastica. Mimi nitamsaidia kumbeba Othmar, kwa sababu Dokta anasema nina uzoefu.

Mzee Xaveri keshapata habari. Sasa ananiita yule wa mgomba. Imeniuma, sifichi. Nimekaa nyuma ya nyumba, ugali sikuugusa.

Jumatatu, 16 Juni, Mbamba Bay, ziwani

Scholastica anakuja na basi la kesho. Mimi na Othmar tumetangulia jana, sijaona sheria inayokataza mzigo kuwahi. Asubuhi nikawakuta wauguzi na matabibu ishirini na wawili wameketi, kalamu mkononi, waliambiwa tarehe tofauti, hawana mwalimu. Ningewaacha hivyo kweli? Nikavaa koti jeupe.

Wananiita Mkufunzi! Mara saba kabla ya chai, nimehesabu. Nikampigia simu Mzee Xaveri, nikamwamkia shikamoo, nikaiweka simu mezani asikie mwenyewe. Akasikiliza wanavyoniita. Kisha akaitikia marahaba, na akanitakia kazi njema Mkufunzi. Mkufunzi! Kwa mdomo wake! Nilitoka nje nikarukaruka ufukweni na viatu vyangu vya Jumapili.

Niliporudi, muuguzi mmoja, Glorious, akauliza ukimkuta mtu ameanguka unaanza na nini. Nikamwambia asipoteze muda, ampande kifuani moja kwa moja. Wameandika wote, na Glorious amepigia mstari.