Kuhusu Neno "Mbio" Katika Bima ya Gari Letu Jekundu

Kwa Meneja wa Madai.
Nakala: Meneja wa duka lililotuuzia gari, ambaye anajijua.

Ndugu Meneja,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe pamoja na yule dada wa mapokezi aliyenipa kiti karibu na feni siku nilipokuja. Sisi huku hatujambo, isipokuwa gari.

Nimepokea barua yenu ya mistari minne inayosema madai yetu yamekataliwa kwa kifungu cha tisa, kwa sababu gari "lilitumika katika mbio". Nimeisoma mara sita. Kwa miaka ishirini na sita kazi yangu ilikuwa kusahihisha prufu katika kiwanda cha uchapaji, yaani kuyatazama maneno ya vitabu vya watu kabla havijachapwa, mpaka neno lililokaa vibaya lione aibu lenyewe. Hili lenu nimelitazama sana na halijaona aibu hata kidogo. Ndiyo maana nakuandikia.

Kwanza nieleze kilichotokea, maana fomu yenu ilinipa mistari miwili tu. Jumamosi ile gari letu, jekundu, la viti viwili, lilipelekwa kwenye uwanja wa magari nje ya mji, siku ambayo yeyote mwenye gari anaruhusiwa kuja kulizungusha. Katika mzunguko wa saba, kwenye kona ya tatu, breki zilikuwa zimeshapata moto, zikagoma. Gari likaacha njia na kuingia kwenye ukuta wa matairi, pua mbele. Hakuna aliyeumia. Boneti ilikunjamana, rejeta ikapasuka, na sasa gari limelala katika yadi yenu chini ya turubai. Ninyi mnasema ni mbio, hamlipi. Duka linasema ni uwanja, dhamana imekufa. Mimi nasema yafuatayo.

1. Neno lenyewe. Kitabu chenu cha bima kina ukurasa mzima unaoitwa "Maana ya Maneno". Mmeeleza "gari" ni nini. Mmeeleza "moto". Mmeeleza hata "mafuriko", kwamba ni maji yaliyofika mahali yasipotakiwa, jambo ambalo nilikuwa nalijua. "Mbio" hamkueleza. Sasa katika lugha yetu hii, mtoto akitumwa dukani anaambiwa aende mbio. Maji ya bomba yakirudi baada ya siku mbili, nyumba nzima inakwenda mbio kutafuta ndoo. Mke wangu akinipigia simu kwamba chakula kinapoa, husema, "Wewe baba, njoo mbio!" Je, jioni zote hizo nilizoitwa hivyo nikiwa kwenye usukani, nilikuwa naendesha bila bima? Kama ndivyo, mngeniambia mapema, ningekula kilichopoa.

2. Mashindano. Ili pawe na mbio lazima pawe na mtu wa kumshinda. Pale uwanjani kila gari liliachiwa peke yake, nusu dakika baada ya lililotangulia, na bwana mmoja mwenye fulana ya njano na bendera ambaye hakutabasamu kutwa nzima. Asubuhi tulikalishwa darasani tukafundishwa usalama, tukanywa na chai. Na kama kuna mtu atalazimisha kupanga nani wa kwanza na nani wa nyuma, basi aandike kwamba gari letu lilikuwa la mwisho kabisa. Lilipitwa hata na gari la daktari wa meno, ambaye anaendesha kama anavyong'oa, polepole na kwa kuomba radhi.

3. Tabia ya mwenye bima. Fomu yenu niliijaza kwa mkono wangu. Penye "dereva" niliandika jina langu, na penye "dereva mwingine" niliandika HAKUNA, kwa herufi kubwa. Sasa muulizeni yeyote mtaani kwetu mimi naendeshaje. Wananiita Gia ya Pili. Watoto wenye baiskeli hunipita wakinisalimia, kisha hugeuka kunisubiri wanisalimie tena. Kwa miaka thelathini sijachubua hata kioo cha pembeni. Mtu kama huyo mnamwandikia neno "mbio"! Barua yenu nimeificha chini ya godoro, maana jirani wakiiona watacheka mpaka watoke machozi.

4. Usalama. Uwanjani hakuna mashimo. Hakuna mbuzi. Hakuna mtu anayekujia mbele huku akiandika ujumbe kwenye simu. Magari yote yanaelekea upande mmoja, kila kona ina matairi ya kukupokea, na ambulensi ipo tayari, dereva wake amekaa ndani anakula karanga. Barabara ya kutoka kwetu hadi ofisini kwenu ni kinyume cha hayo yote. Kwa akili ya kawaida tu, bima yenu ingefaa ifanye kazi uwanjani, na ikome pale gari linapotoka getini kuingia barabarani. Naomba jambo hili mliweke kwenye ajenda ya kikao chenu kijacho.

5. Duka (nakala inahusika hapa). Ndugu wa duka walituuzia gari lenye kitufe chenye picha ya bendera, ile ya mirabamiraba myeusi na myeupe. Muuzaji mwenyewe alikibonyeza mbele yetu, gari likanguruma, mke wangu akapiga makofi. Leo wanasema kitufe hicho kikibonyezwa uwanjani, dhamana inakufa. Huko ni kumuuzia mtu mwavuli ambao dhamana yake inakoma mvua ikianza. Na wamejuaje kwamba kilibonyezwa? Gari limesema. Ndani yake kuna kompyuta iliyoandika kila kona, injini ilizunguka vipi, breki zilikanyagwa wapi, na fundi wao alipochomeka waya tu, ikamwaga kila kitu bila kuulizwa mara mbili. Gari tunaloliosha kila Jumapili kwa sponji laini, limetuchongea! Tena kwa kosa hilohilo wamekataa kutengeneza kioo cha dirisha la kushoto, kilichokwama wiki mbili kabla ya siku ile, gari likiwa limeegeshwa kivulini. Kioo hicho kilikwama kwa kukaa tu, na dawa ya kukaa ninavyojua mimi ni mbio.

6. Ninyi wenyewe. Juu ya lango lenu kuna bango lililoandikwa, "Ajali? Tunalipa mbio!" Nimelipiga picha, naiambatisha. Kwa maana yenu ya neno hilo, kampuni nzima imo katika mbio tangu siku bango lilipotundikwa, na kwa kifungu chenu cha tisa imejifutia bima yenyewe, pamoja na samani. Halafu barua ya kunikatalia ilinifikia siku ya pili tu. Hizo ndizo mbio pekee nilizoziona katika shauri hili lote.

7. Afya. Tangu niliposikia kishindo kile kwenye kona ya tatu, moyo unanienda mbio. Bima yangu ya maisha nayo iko kwenu, ghorofa ya pili. Naomba nijulishwe kwa maandishi kama moyo wangu bado umo, au nao umeshaangukia kifungu cha tisa.

Ndugu Meneja, sasa niseme na lile lililo moyoni, utani kando. Gari hili kwenye karatasi ni langu, lakini kwa haki ni la mke wangu. Yeye ni muuguzi, na Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu anastaafu. Miaka thelathini na moja amekaa nyuma ndani ya ambulensi, mkono mmoja kamshika mgonjwa, mwingine anagonga kidirisha akimhimiza dereva aongeze mwendo. Mbele hajawahi kukaa hata siku moja. Tulipokwenda kununua gari, wanetu walitaka tuchukue lile la kubebea magunia. Yeye aliliona hili jekundu, akalizunguka mara mbili bila kuuliza bei, na mimi nikimwona mama watoto hajauliza bei najua ameshachagua. Nilimwahidi kwamba siku yake ya mwisho atatoka kwenye geti la hospitali ndani ya gari hili, wenzake wote wakimpungia. Sitaki atoke kwa miguu akiwa ameshika mfuko wa viatu vyake vya kazini. Nitaumia sana, na sioni haya kukuandikia hivyo.

Kwa hiyo naomba gari litengenezwe kabla ya Ijumaa hiyo, boneti, rejeta na breki kwa upande wenu, kioo cha dirisha kwa upande wa duka. Naomba pia neno "mbio" liingizwe kwenye ukurasa wa maana ya maneno. Kazi ya kuusahihisha ukurasa huo nitaifanya mwenyewe bila malipo, kwa sababu hata "mafuriko" mmeliandika kwa "l".

Nisalimie dada wa mapokezi. Nisalimie mkaguzi wenu aliyekuja na rula yake, mwambie kofia aliyoisahau kwetu ipo na imefuliwa. Mlinzi wa yadi mpe asante yangu kwa kulifunika gari wakati wa mvua.

Mimi wako, kwa mwendo wa wastani,

Gia ya Pili,
msahihishaji mstaafu, mwenye bima na dereva pekee.

Nyongeza: Mke wangu ameisoma barua hii kabla sijaifunga, na amekataa katakata niitume bila kurekebisha namba 2. Mimi nikionyeshwa kosa, kazi yangu ni kulisahihisha. Anasema hakuwa wa mwisho, alikuwa wa kwanza. Daktari wa meno alimpita mara moja tu, katika mzunguko wa pili, na yeye mke wangu akampita tena kabla ya kona. Anasema pia breki msizisingizie. Alichelewa kuzikanyaga kwa sababu alikuwa ananipungia mkono pale nilipokuwa nimesimama kwenye uzio. Hili la mwisho ni kweli, nilimwona, na alishuka kwenye matairi yale anacheka kama ambavyo sijamwona akicheka miaka mingi. Kikombe alichopewa jioni ile kwa kuwashinda wote, kwa ule mzunguko wake wa sita uliokuwa wa kasi kuliko yote, alikiweka kwenye buti la gari letu kabla gari la kuvuta halijafika, amekifunga ndani ya koti lake jeupe la kazi. Basi, ndugu Meneja, ikiwa baada ya marekebisho haya gari halitakuwa tayari, naomba Ijumaa mniletee kikombe tu pale kwenye geti la hospitali, saa kumi kamili. Tafadhali, mbio.