Hotuba ya Uzinduzi wa Stendi Arobaini za Dripu, Wodi ya Watoto

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ni mimi, Mwenyekiti wa shughuli hii, ambaye pia ni mimi, Daktari Mkuu, Sista wa wodi, wadau, washirika wa maendeleo, akina mama mliosimama, na wagonjwa wadogo mliolala kwa nidhamu kubwa: hamjambo? (Hatujambo! Binti yangu wa kitanda cha saba kaitika kuliko wote, na huyo tangu jana anaharisha na kutapika. Ana miaka minne. Sauti kairithi kwangu.)

Ndugu zangu, tafiti zinaonyesha kwamba asilimia mia moja ya dripu hushuka kutoka juu kwenda chini, na ni kwa kuzingatia takwimu hiyo nzito ndipo ofisi yangu, kwa maono yangu, chini ya usimamizi wangu, ilipobuni Mradi Shirikishi wa Stendi Arobaini za Dripu za Watoto na Folo-apu ya Baadaye, ambao leo nauzindua kwa mkasi huu! (Makofi ya aliokuja nao. Sisi kila mama kanyanyua chupa ya dripu ya mwanawe tangu asubuhi. Sista kasema ukiishusha, damu inarudi kwenye mpira. Mkono wangu haujatikisika, waulizeni.)

Mbona mama wa kitanda cha saba hapigi makofi? ("Mheshimiwa, nikipiga, chupa nimwachie nani?" Kicheko. Hata Sista kacheka, na yule hacheki ovyo.)

Swali zuri, mama, na jibu lake limo kwenye roodimapu yetu ya utekelezaji. Aidha, baada ya dripu hatumtupi mtoto: timu yangu itakagua kama mkono uliochomwa sindano umevimba, itahesabu vikombe alivyokunywa, na itafuatilia mkojo hadi ngazi ya kaya! (Hapo kwenye mkojo nikatega sikio. Mwanangu hajakojoa tangu jana jioni. Sista kaniambia, "Dada, akikojoa tu, ujue maji yamefika." Nusu chupa imeshaingia, mkojo bado.)

Sasa wanaounga mkono mradi huu wanyooshe mikono! Naam! Naona wodi nzima! Katibu, andika: kwa kauli moja! (Tungeishushia wapi?)

Dripu juu! (Juu!) Stendi juu! ("Ziko wapi?" kauliza binti yangu. Mtoto ana akili huyo, mpaka naogopa.) Na mimi je? ("Mama, mkojo!" Jamani! Nilipiga kigelegele madirisha yakatikisika, wodi nzima ikadakia, Sista akaja mbio na beseni.)

Nimeguswa sana na vigelegele hivi, sikuvitarajia. Namalizia kwa kumshukuru mchoraji aliyetuchorea stendi hii nzuri kwenye bango, ambayo ndiyo pekee tuliyo nayo. Naishukuru kamati itakayoundwa kuchunguza kama stendi zinahitajika. Na zaidi nawashukuru ninyi akina mama, kwani mko arobaini kamili, kila mmoja ana mkono mrefu, na taarifa ya utekelezaji nimeshaisaini. Asanteni kwa kusimama!

(Thelathini na tisa, Mheshimiwa. Chupa yangu kashika jirani wa kitanda cha nane, pamoja na yake. Mimi nimekwenda kumwaga beseni, na nimelipitisha mbele yako makusudi, ulione lilivyojaa.)