Panya Wangu Wawili na Wakwe wa Kamachumu

Leo nimeumbuka.

Mshenga wa watu waliokuja kumposa binti yangu ameingia dukani kwangu bila hodi, amenyanyua fimbo, amempiga panya wangu mpya mpaka akapasuka. Panya wa kompyuta. Halafu akaomba maji ya kunawa.

Msicheke kwanza. Someni mpaka mwisho, maana kuna watu humu ndani ya kundi wanatakiwa kujibu, na nitawataja kwa majina.

Tuanzie nyuma kidogo. Wengi mnanifahamu, Ta Fide wa steshenari ya Kitendaguro. Photokopi, barua, ratiba za misiba, kadi za arusi. Tetemeko lile la ardhi lilinikuta humu humu dukani. Nilitoka hai, na kila mtu huniambia nishukuru. Nashukuru. Lakini lilivunja vitu viwili: mkono wangu wa kulia hapa kwenye kifundo, na ukuta unaonitenganisha na mgahawa wa Ma Domitila. Mkono ulifungwa hogo, ile plasta ngumu. Ukuta, mwenye nyumba wetu Ta Bernado aliufunga plaiwudi, akasema ni ya muda tu. (Mtuhumiwa wa kwanza huyo. Ya muda mpaka leo.) Mimi nikipiga chafya, mtu anayekula kwa Ma Domitila ananipa pole bila kuinuka.

Tangu hapo mausi ya kawaida ikawa adui yangu. Nikiishika asubuhi, jioni maumivu yako kwenye kiwiko. Mpwa wangu Projestus, anayeuza vifaa vya kompyuta mjini, ndiye aliyeniletea mausi ya watu wenye mikono mibovu. Haina waya. Haikulala bapa kama nyingine, imeinuka upande mmoja kama nundu ya ng'ombe, na kidole gumba kina pahali pake pa kupumzika ubavuni. Nisiwe mchoyo wa maneno, ilinisaidia.

Sasa hilo neno. Mimi nilikuwa nasema mausi, kama watu wote. Siku moja Projestus akanicheka mbele ya wateja. Akasema mausi ni Kiingereza kilichovunjika, Kiswahili chake ni panya. Yeye amesoma chuo. Mimi niliishia la saba, na mtu aliyeishia la saba akichekwa mbele ya wateja hujirekebisha haraka. Tangu siku hiyo nasema panya. (Mtuhumiwa wa pili. Huyu ndiye mkubwa wao.)

Leo asubuhi bodaboda akanishushia kifurushi kutoka kwa huyo huyo Projestus. Ndani kuna panya mwingine, ndugu yake yule yule, ila ni kizazi cha pili. Maagizo yake: nimjaribu sambamba na wa zamani, nimwambie yupi anaufaa mkono wangu, maana mpya nisipomtaka kuna mteja Muleba anamsubiri.

Nikampigia simu, nikamwambia leo si siku yake. Leo alasiri wakwe wanakuja nyumbani kutoka Kamachumu kumposa Koku, na ratiba ya shughuli sijaichapa. Koku ni mwanangu pekee, mama yake alishatangulia. Wakati ule wa hogo ndiye aliyenifunga vifungo vya shati kila asubuhi, na hakuwahi kulalamika. Niliapa siku yake haitaharibika kwa ajili yangu. Projestus akasema mjomba, ni jambo la dakika chache tu.

Basi nikawapanga mezani, mpya kulia, wa zamani kushoto. Kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa na panya, simu nikailaza mezani kwa sauti kubwa.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba wakwe walishafika. Dereva wa Noa yao alikimbiza gari kama anapeleka mgonjwa, wakaingia Bukoba mapema mno. Na watu wa posa hawawezi kufika ukweni na njaa, wataonekana wamefuata chakula. Wakaona moshi, wakaingia. Kwa Ma Domitila. Wakakaa meza iliyoegemea plaiwudi, wakaagiza ndizi kwa nyama.

Projestus akaanza kwa kusema mtandao ni mbaya, hanisikii, nasema juu ya nini. Nikapaza sauti kwamba ni panya. Bado hasikii. Nikamwambia kwa Kihaya, embeba, Projestus, nasema embeba! (Ili asibaki mtu hata mmoja pale jirani ambaye hajaelewa.)

"Wote wawili umewalaza mezani?" akauliza.

"Wapo. Huyu wa zamani analia nikimbana. Mpya halii."

"Mbane tena kwa kidole cha kati."

"Nimembana. Kimya."

"Ndiyo raha ya hao wa kizazi cha pili, mjomba. Umfanye unavyotaka, jirani hasikii."

Upande wa pili wa plaiwudi vijiko vikasimama. Hayo nimesimuliwa baadaye na Ma Domitila, kwa sauti ambayo nadhani hata Rwamishenye wameisikia.

Mimi naendelea kama mtu aliyelogwa. Nikasema umbo ni lile lile, mgongo ule ule, ila ngozi ya mpya ni kavu, wa zamani ameshajaa mafuta. Nikasema wa zamani nilimlisha jana na mpaka sasa ana nguvu. (Umeme! Nilimlisha umeme.) Nikasema mpya hakubali kidude cha mwenzake, kila mmoja anataka cha kwake. (Ni kile kidude kidogo cha kuchomeka kwenye mashine ili panya asiye na waya afanye kazi. Vizazi hivi viwili havichangii.) Hapo, naambiwa, shangazi wa bwana arusi, mama mmoja anaitwa Ma Paskazia, aliisogeza sahani yake katikati ya meza na kuanza kuitazama nyama kwa makini.

Projestus akataka uamuzi.

"Wageni wakija leo nawafanyia na huyu mpya," nikasema, maana yangu ile ratiba yao. "Wa zamani nampa Ma Domitila."

"Atamtaka?"

"Mbona yule niliyempa mwanzo alimtumia mpaka akaisha."

(Ma Domitila ana laptop. Anawawekea wateja tamthilia. Panya ni wa laptop. Nimelieleza hili leo kwa watu wengi kuliko niliowahi kuongea nao mwaka mzima.)

Basi nikasikia viti vinaanguka. Sahani zinaanguka. Plaiwudi ikatikisika, vumbi likaanza kunimwagikia. Nyie ambao hamjawahi kuangukiwa na ukuta mtasema ningetulia. Mimi nilijua tetemeko limerudi kummalizia yule aliyeliponyoka. Nikamtupia panya mpya leso asiingie vumbi, nikazama chini ya meza.

Kutoka kule chini nikaona viatu vinaingia. Viatu vimepakwa rangi, vya shughuli. Na fimbo.

"Yuko wapi?" sauti ya mzee ikauliza.

"Huyo hapo chini ya leso," sauti ya mama ikajibu. "Ameinua mgongo."

Fimbo ikashuka.

Ndugu zangu, panya wa kizazi cha pili, asiyelia hata umfanye nini, leo alilia. Fimbo ilimpata sawasawa kwenye kitufe cha kushoto. Na mshale wa kompyuta nilikuwa nimeuacha juu ya neno la kuchapa. Fimbo ya pili ikampasua, lakini kazi ilishafanyika. Printa ikaamka. Ikanguruma, ikajikuna kama kawaida yake, watu wote wakanyamaza kuisikiliza. Karatasi ikatoka taratibu, mstari kwa mstari, kana kwamba ina hiari.

Ma Paskazia akaichukua na kusoma kwa sauti.

"Karibuni sana wakwe zetu kutoka Kamachumu. Mwenyeji wenu, baba wa binti, Ta Fide wa steshenari, Kitendaguro."

"Ta Fide ndiye nani?" akauliza mwenye fimbo.

Nikatoka chini ya meza. Makalio yalitangulia, hakukuwa na namna nyingine. Nikageuka nikiwa bado nimepiga magoti, vumbi la plaiwudi kichwani, nikawaambia karibuni, waitu, ndugu zetu, ndiye mimi.

Yule mzee ni Ta Evodi, mshenga wao. Nikaifunua leso nikamwonyesha vile vipande, plastiki, vijiwaya vya tumboni, taa nyekundu bado inawaka kwa mbali. Akavitazama. Niliona usoni mwake kwamba ameelewa. Ameelewa kabisa, tena vizuri! Lakini mshenga siku ya posa hawezi kuwa mtu aliyeua kompyuta kwa fimbo. Akakohoa. Akaomba maji anawe.

"Sisi tumesikia tulichosikia," akasema.

Na hapo ndipo simu, ambayo nilikuwa nimeshaisahau, ikaongea kutoka mezani.

"Mjomba, amekufa huyo? Usihangaike. Ninao katoni nzima hapa dukani."

"Katoni nzima," Ma Paskazia akarudia polepole, akimwambia kila mmoja wao kwa macho.

Ma Domitila naye alishafika mlangoni na mwiko. Akaniuliza mimi na yeye tulikubaliana lini habari ya panya, na wateja wake waliokimbia na midomo wazi nitawarudisha vipi. Mimi nilikuwa bado naokota vitufe.

Nyumbani walikuja, sitawasingizia. Walikaa, wakasalimia vizuri. Kahawa ya kutafuna ilipopitishwa, kila mmoja alichukua punje zake kwa heshima akazitia mfukoni. Hakuna aliyetafuna. Ndizi zikaja, nyama ikaja, Ma Paskazia akauliza kama ni ya ng'ombe. Akajibiwa ndiyo. Akauliza ng'ombe huyo alichinjwa wapi. Akajibiwa. Akasema ana kidonda cha tumbo. Kumbe wote walikuwa na vidonda vya tumbo, ukoo mzima.

Koku alisimama na sinia mikononi, akalirudisha jikoni limejaa kama lilivyotoka. Akanipitia karibu, akaninong'oneza, "Baba, umewaambia una panya wangapi?"

Ta Evodi alipoinuka kuaga alisema watarudi. Lini, hakusema. Mahari, kimya. Siku, kimya. Walipopanda Noa yao niliona wamefungua mkebe wa biskuti.

Sasa Koku amejifungia chumbani. Halii. Ningemsikia analia ningejua pa kuanzia.

Mnaouliza yupi bora kati ya wale panya wawili, jibu langu ni wa zamani. Yule mpya ni mwepesi wa kubonyezwa na mkono haukuniuma kabisa, kweli nasema. Lakini wa zamani analia ta, ta, ta, kama mashine. Wangekuwa wanalia wote wawili, hata mtu wa Kamachumu angejua kuna mtu anachapa barua.

Ta Bernado, plaiwudi yako nimeipiga picha, pamoja na tundu walilolitoboa leo wakikurupuka. Ma Domitila, mimi na wewe ni majeruhi wa ajali moja, shusha mwiko. Ta Evodi, najua kuna mtu wa Kamachumu humu kundini atakufikishia: uliona waya, mzee mwenzangu, uliona.

Na wewe Projestus, nimeona umesoma, alama mbili za bluu hizo hapo. Usinitumie vikatuni vya kucheka. Neno ni lako, katoni ni yako, chuo ulisoma wewe. Sema hapa mbele ya watu wote ni nani kesho atakwenda Kamachumu, akae mbele ya wale wazee, aseme kwamba mjomba wake hali panya.