Bunduki ya Kanali wa Kentucky

Dewey Tackett alijaliwa ulimi, na aliyemjalia alisahau kuutia breki. Hakuwahi kuajiriwa na hakuwahi kulala njaa. Asubuhi hiyo alikuwa ameegemea kaunta ya duka la bunduki la Bi Oleta Crabtree, hapa kwetu Clabber Creek, Tennessee, akiwapotezea watu muda, ndipo akamsikia tajiri akilalamikia bei.

Tajiri mwenyewe ni Daktari Hambly, mng'oa meno wetu. Alikuwa ameishusha bunduki mpya kutoka rafuni, akailenga taa, akailenga saa ya ukutani, akamsumbua Bi Oleta weee, kisha akairudisha.

"Nzuri, mama. Ila Ohio naipata rahisi. Nitaagiza huko."

"Na ikifika utaichukulia wapi?"

"Si hapa kwako! Sheria ndivyo inavyotaka."

Kweli ndivyo. Bunduki ikitoka jimbo lingine haiji mlangoni kwa mnunuzi. Inakwenda kwanza kwa muuzaji wa kwao mwenye leseni, mnunuzi akaguliwe kama ana makosa, ndipo akabidhiwe. Kwa hiyo Clabber Creek nzima ilishika na kupapasa bunduki kwa Bi Oleta, ikanunua Ohio, halafu ikarudi kwake kuchukua mzigo kwa ada isiyotosha hata bili ya umeme. Mama wa watu alikwishawaambia majirani: mambo yakiendelea hivi, msimu wa kuwinda kulungu hautalikuta duka wazi. Inaudhi, jamani.

Dewey hayo hayakumhusu. Yeye alimwona mtu mwenye pesa anayeamini kuwa vya mbali ndivyo vitamu, akahisi viganja vinamwasha.

Daktari alipotoka, Dewey alichagua kwenye lundo la mabovu bunduki ya mitutu miwili, kuukuu, ambayo kulungu wakiiona wangeichekea. Akakaguliwa, akalipa vijisenti, akaenda nayo nyumbani. Huko aliipaka rangi ya viatu, akachonga kwa msumari kwenye kitako jina la Jasper Pruitt, mpika gongo aliyewatoa jasho polisi wa enzi za babu zetu. Kisha akavuka mpaka hadi Kentucky, akajaza pamba mashavuni, akapiga simu.

"Daktari Hambly? Hapa ni Kanali Beauford Pence, wa Kentucky."

Kentucky makanali wasiowahi kuona jeshi ni wengi kuliko kuku. Cheo ni cha heshima tu. Lakini daktari alisimama wima.

"Naam, Kanali!"

"Ninauza bunduki ya Jasper Pruitt mwenyewe. Ukiikuta dukani kwenu watakuchuna ngozi. Mimi nakuachia kwa elfu tatu, maana nasikia wewe ni muungwana."

"Nani kakwambia?"

"Ni nani Kentucky asiyejua?"

Dola zikatumwa kabla Kanali hajamaliza kukohoa. Dewey naye akaituma bunduki dukani kwa Bi Oleta. Tumpe haki yake: katika utapeli wote ule, sheria ya usafirishaji aliifuata kwa unyenyekevu mkubwa. Mama yule wa duka, alijiambia, ataona rangi ya viatu na jina la Pruitt, basi.

Bi Oleta akafungua boksi. Akaona rangi ya viatu. Akaona jina la Pruitt. Kisha, karibu na kifyatulio, akaona skrubu ya cherehani yake mwenyewe, aliyoifunga kwa mkono wake mwaka jana kwenye bunduki ile ile aliyomuuzia Dewey. Alicheka mpaka akakaa sakafuni. Alipopata pumzi, akampigia Kanali kwa namba iliyoandikwa kwenye boksi.

"Kanali, kuna neno. Daktari bado hajaja kukaguliwa, kwa hiyo mzigo haujawa wake. Ila amepita hapa mzee mmoja anayekusanya bunduki za kale, kaiona mezani. Jina kasema ni uchafu tu. Lakini hiyo mitutu! Eti imebaki michache duniani. Anatoa elfu kumi na mbili."

Pamba ilimtoka Dewey shavu moja. Jina kalichonga yeye, ndiyo. Lakini mitutu hakuichonga!

"Mama, namrudishia daktari pesa zake sasa hivi! Wewe nirudishie bunduki."

"Bila shaka. Niitume kwa duka gani huko Kentucky? Utakwenda tu na kitambulisho chako, Kanali Pence."

Kanali Pence hakuwa na kitambulisho. Hakuwa hata na kaburi.

"Afya yangu mbovu, mama," Kanali akakohoa. "Hapo kwenu kuna kijana anaitwa Dewey Tackett. Mwaminifu sana. Mpe yeye."

"Dewey? Yule?"

"Malaika, mama."

"Haya. Lakini kumpa bure siwezi, itabidi ainunue. Tuseme elfu nne, nami nitakuwekea pesa zako."

Dewey nusura acheke kwenye simu. Kujilipa mwenyewe! Alimrudishia daktari pesa zake siku ile ile, akauza gari lake la pikapu, kitu pekee alichokipenda duniani, akaenda dukani kwa miguu. Akakaguliwa. Akalipa bei ya dukani, taslimu, bila kuomba hata senti ipunguzwe, jambo ambalo Clabber Creek halijatokea tangu reli ifike.

"Na yule mzee wa bunduki za kale, Bi Oleta, nitampata wapi?"

"Kesharudi kwao Georgia, mwanangu. Kasema mambo ya kununua jimbo la watu yana usumbufu, atatafuta duka la kwao."

Dewey akatoka na bunduki begani. Akafika ukingoni mwa barabara, akajaza pamba haraka, akapiga simu.

"Mama, hapa Kanali Pence. Pesa zangu je?"

"Zipo, Kanali," akasema Bi Oleta, akisogea dirishani. "Njoo na kitambulisho uzichukue wakati wowote. Ila nakuomba, mwambie huyo kijana wako aliyesimama hapo nje na simu sikioni aondoke na hiyo bunduki yake. Ananifukuzia wateja."