Nilimtafuta Mzee wa Cardiff, Kisha Nikamkimbia

Jamani, leo nimeaibika mchana kweupe, mbele ya kasri zima.

Mnaijua riwaya yangu. Katika sura ya tano, Zawadi anatembea kwa miguu mjini Cardiff, kule Wales, mpaka kwenye kasri la kale. Tatizo ni moja tu: mimi Cardiff sijawahi kufika. (Sura nimeiandika hivyo hivyo. Ujasiri ninao.) Jumamosi nawasomea wenzangu wa kikundi cha waandishi, na mmoja wao ameshaniambia kwamba kila jiwe la sura hiyo lina harufu ya kubuniwa.

Neema, rafiki yangu wa Pickering, nje kidogo ya Toronto, akajitolea kuniokoa. "Yupo Babu Fausti, tunasali naye. Mtu wa Tanga, kaishi Cardiff miaka na miaka. Ila anasema mji hausimuliwi watu wamekaa. Mkutane kwenye lile kasri la hapa Toronto, akutembeze, akueleze la kule likoje."

Nikafika mapema. Mawingu yameilalia minara, mawe yamelowa, moyo unadunda kama wa Zawadi mwenyewe. Nikamtafuta Babu Fausti. Kichwani nilishamchora: mrefu, mweusi, sura ya babu yangu wa Morogoro.

Hayupo. Aliyekuwepo ni mzee mmoja wa Kihindi, koti la kijani, mfuko wa kitambaa mkononi. Ananitazama. Ananitazama kama mtu anayengoja nimrudishie kitu chake.

Nikasogea bustanini. Akasogea. Nikasimama kusoma kibao. Akasimama, akakohoa. Hapo nikashuku rasmi. Nikalizunguka kasri lote kwa mwendo wa kijeshi, nikageuka. Huyo! Anahema, macho yaleyale.

Nikampigia Neema, tena kwa sauti ya juu. (Toronto hii, Kiswahili si ndiyo siri yetu?)

"Neema, babu yako hajaja, na kuna kizee kinanifuata!"

"Kizee gani tena?"

"Cha Kihindi! Jicho la mwizi wa kuku. Na huo mfuko, sijui kabeba kamba, sijui kisu!"

"We, hebu subiri, Babu Fausti ni..."

Nikakata simu, nikamkimbilia mlinzi wa getini. Nikamweleza kwa Kiingereza kwamba yule bwana ananiandama tangu nifike. Mlinzi akamwita. Watalii wakasogea kusikiliza. Mzee akaja polepole, akauweka mfuko juu ya ukuta mfupi, akaufungua.

Vitumbua. Bado vya moto, vimefungwa kwa taulo la jikoni.

"Mke wangu kakukaangia," akasema, kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko sura zangu zote. "Kasema nisimwendee mgeni mikono mitupu."

"Babu Fausti?"

"Ndiye. Mhindi wa Kigoa, mzaliwa wa Tanga." (Neema, hili hukuona haja ya kunitajia?)

"Sasa Babu, mbona hukuniita?"

"Nikuite mimi? Nimekujua tangu ulipotokea, picha yako ninayo. Nikasema, mtoto ataniamkia. Nikakohoa. Nikazunguka kasri zima na goti langu bovu hili. Naingojea shikamoo yangu, wewe unanipa mwizi wa kuku!"

"Shikamoo, Babu."

"Hiyo ya mbele ya askari siitaki. Rudi kule konani, uje upya."

Nilirudi. Nikaja upya mbele ya umati, nikapiga goti. "Shikamoo, Babu!"

"Marahabaaa, mwanangu!"

Watalii wakapiga makofi. Mmoja akamuuliza mlinzi onyesho linalofuata ni saa ngapi.

Ndipo Babu akanipa Cardiff yangu, tukitembea na kutafuna.

"Huyo Zawadi wako anafanya nini kasrini?"

"Anampapasa simba wa mawe pale ukutani."

"Kwa ngazi? Wale wanyama wamekaa juu ya ukuta, binti. Mwache awatazame tu, shingo imuume."

Akanionyesha kwa kidole hewani ngome ya kale juu ya kilima chake, maji yameizunguka, na mto Taff ukipita nyuma ya miti. Niliandika kwa vidole vyenye mafuta. Sura imepona.

Neema anaapa hajamsimulia mtu yeyote. Simwamini. Kwa hiyo nimewahi kuwasimulia mwenyewe, na tafadhali msicheke. Na mkiona mzee anawafuata, amkieni kwanza, shukuni baadaye.